Nani Mpangaji Hapa?

Niliwaacha mmesimama mlangoni kwetu wiki nzima, nisameheni. Lile kabati mliliona. La milango mitatu, mbele kalibeba mwanaume mwenye miwani, nyuma kalishika mwanamke mjamzito, na wote wawili wanataka liingie ndani ya nyumba yetu.

Kwa aliyekosa gazeti, nakimbiza. Serikali ilianguka Jumanne. Jumatano redio ikapiga muziki kutwa. Alhamisi akasikika mtu mwenye mafua akisema yeye ni Kamati ya Kuweka Mambo Sawa, na kwamba mambo yatawekwa sawa. Baada ya wiki mbili zikaletwa fomu nyumba kwa nyumba. Nyumba ambayo mwenyewe hayupo itapewa watu wengine, ndivyo ilivyosema fomu. Sisi tulikuwepo. Hatujawahi kuwepo maishani kama tulivyokuwepo siku zile. Hata sokoni tulikwenda kwa zamu.

Sasa kabati.

"Hodi," alisema mwanaume. "Samahani. Hapa ni namba arobaini na nne?"

"Ndiyo," alisema Mama. Mama ni fundi cherehani, anaongea na pini mdomoni na hajawahi kumeza hata moja. "Mmeleta nguo?"

"Tunahamia."

"Mnahamia wapi?"

"Hapa."

Mama akazitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake. Zilikuwa tano. Mwanaume alisubiri zote.

"Mwanangu," Mama akaniita bila kugeuka, "hebu njoo usikie huyu baba anavyosema."

Nikaja. Mwanaume akanipa barua yenye muhuri, bado una unyevu. Nikaisoma kwa sauti, maana nyumbani kwetu barua zote nasoma mimi.

"Nyumba namba arobaini na nne. Mmiliki: hayupo. Mkaaji: mpangaji. Nyumba igawiwe kwa mwenye barua hii."

Hapo nikaikunja barua haraka. Kwa sababu fomu niliijaza mimi.

Jamani, ngoja niwaeleze vizuri, ndiyo maana nimeamua kuandika gazetini badala ya kumwambia mtu mmoja akaniangalia usoni.

Baba yangu ni mpangaji. Si wa nyumba. Anafanya kazi kiwanda cha uchapaji, anapanga herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume, mstari kwa mstari, mpaka ziwe tangazo au kadi ya harusi. Kazini kwao kuna wakata karatasi, kuna wapiga chapa, kuna wapangaji. Ndicho cheo chake, mwaka wa ishirini na sita huu. Nyumbani kwetu neno hilo halijawahi kuwa na maana nyingine. Nikiwa darasa la kwanza mwalimu aliuliza baba zetu ni nani, wengine wakasema daktari, wengine dereva, mimi nikasimama kwa majivuno nikasema baba yangu ni mpangaji. Akanipa biskuti. Nilipewa biskuti mwaka mzima, sikujua kwa nini.

Basi mstari wa nne wa fomu uliandikwa "Mkuu wa kaya ni", halafu kanafasi kadogo. Nikajua wanataka kazi yake. Nina diploma ya utunzaji wa kumbukumbu mimi. Somo la kujaza fomu nilikuwa wa kwanza darasani. Nikaandika, kwa mwandiko wangu ule wa mviringo: mpangaji.

Mstari wa tano ukataka jina lililo kwenye hati ya nyumba. Nikaandika la Babu, na pembeni nikaongeza "marehemu" kwa heshima, maana hati haijawahi kubadilishwa tangu afariki.

Kwa hiyo mbele ya macho ya Kamati, namba arobaini na nne ilikuwa nyumba ya marehemu, ndani anakaa mpangaji. Hata mimi ningeigawa.

"Nani aliijaza hiyo fomu?" akauliza Bibi kutoka ndani. Bibi ni mama yake Baba. Masikio yake ni mazuri kuliko magoti yake.

"Kamati yenyewe, Bibi," nikasema.

Ndio uongo wa kwanza wa siku hiyo. Hesabuni wenyewe, mimi nitasahau.

Bibi akaja taratibu, akamwangalia mwanaume, akamwangalia mwanamke, akaliangalia tumbo, akaliangalia kabati.

"Shikamoo, Bibi," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Karibuni wageni."

"Bibi, samahani," alisema mwanaume, "sisi si wageni. Kwa mujibu wa barua, sisi ndio wenye nyumba."

"Karibuni sana. Mkaribishe mwenzako akae, miguu imemvimba. Weka kabati hapo nje, halina miguu ya kuchoka."

Wakaingia wakakaa kwenye kochi, kama wageni. Bibi akaagiza chai. Akanivuta jikoni akaninong'oneza: "Wakiwa wageni, sisi ni wenyeji. Usiache waache kuwa wageni. Kila kikombe kikiisha, jaza."

Nilijaza vikombe vinne. Mwanaume yule, kumbe, ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa pili. Asubuhi moja walikwenda kliniki wote wawili kupima mtoto, wakarudi wakakuta familia ya mtu wa duka la dawa inakula mezani kwao, kwa vijiko vyao. Barua ya mtu wa duka la dawa ilisema "mmiliki hayupo". Ni kweli, hakuwepo. Alikuwa kliniki.

"Kwa hiyo mkaja kututoa sisi," alisema Mama.

"Mama, tulipewa karatasi," alisema Mwalimu. "Hatukujua kuna watu. Imeandikwa mpangaji. Nikafikiri ni kijana mmoja na godoro lake."

Mke wa Mwalimu aliona bomba nyuma ya kochi, akaliangalia sana. Babu alikuwa fundi bomba, ndiyo maana nyumba yetu ina bomba kila chumba, hata sebuleni.

"Dada," akaniuliza polepole, "naweza kunawa miguu hapo?"

Bibi akamletea beseni kwa mkono wake mwenyewe. Sikuelewa kama ni ukarimu au ni mbinu. Nadhani hata Bibi hakuelewa.

Baba alikuwa uani muda wote huo, anapanga njugu. Kiwanda kilikuwa kimefungwa na Kamati mpaka ijulikane kitachapa nini, na mikono ya Baba haijui kukaa bure, kwa hiyo alikuwa anazipanga njugu kwa ukubwa kabla ya kuzila. Nikamfuata nikamwambia yote. Isipokuwa ile sehemu yangu.

"Ni kosa la kimaandishi," alisema Baba. "Twende tukalisahihishe." Akavaa shati jeupe na viatu vya harusi za watu.

Ofisi ya Kamati ilikuwa shule ya chekechea kabla ya ile Jumanne. Viti ni vile vile vidogo. Wazee wazima wamekaa foleni, magoti yako masikioni, ukutani bata anawafundisha kuhesabu mpaka kumi.

Kwenye meza ya mbele alikaa karani. Nikamtambua pale pale. Tulisoma naye chuo! Tulikuwa tunamwita Kalamu Mbili, kwa sababu siku zote alikuwa na kalamu mbili mfukoni, na moja ilikuwa yangu.

"Mambo, Kalamu Mbili!" nikasema.

"Unanifahamu?" akauliza.

"Hapana," nikasema.

Siku zile hakuna aliyekuwa anamfahamu mtu.

Akafungua faili la namba arobaini na nne. Nikauona mwandiko wangu wa mviringo, unapendeza kweli.

"Mmiliki yuko wapi?"

"Alifariki," alisema Baba.

"Basi hayupo."

"Yeye hayupo. Mimi mwanawe nipo."

"Wewe ni mpangaji."

"Mimi ni mwanawe."

"Alikupangisha?"

"Alinizaa."

Kalamu Mbili akafikiri. Akachukua kalamu nyekundu, akakata neno "mpangaji" mara mbili. Akachukua ya bluu, akaandika juu yake "mwana". Akapiga muhuri. Akatupa karatasi.

"Nyumba ni yenu. Wale wengine watatafutiwa pengine. Hongereni."

Yaani ilikuwa imekwisha! Dakika nne! Baba ameshasimama, kiti kimemng'ang'ania makalioni, anakitoa. Ningenyamaza tu, leo ningekuwa nawaandikia hadithi ya mapenzi.

"Lakini," alisema Kalamu Mbili, "hili neno mpangaji liliingiaje? Kuidanganya Kamati ni kosa. Nani aliandika?"

Baba akaniangalia. Ndipo alipojua. Nyusi zake zilipanda zikakaa huko huko.

"Si uongo," nikasema haraka. "Ni kweli kabisa yeye ni mpangaji! Ila si wa nyumba. Ndiyo kazi yake. Yeye ni mpangaji, mkongwe, miaka ishirini na sita. Pale kiwandani wote wanamjua. Hakuna kitu kilichotoka mji huu bila kupangwa na yeye!"

Nilikuwa najivunia, jamani. Ni baba yangu.

Kalamu Mbili akaweka chini kalamu ya bluu.

"Mpangaji wa nini?"

"Wa maneno," alisema Baba, ambaye hajawahi kudanganya hata kwenye simu. "Nayapanga kabla hayajatoka."

"Matangazo ya serikali ile uliyapanga wewe?"

"Yote."

"Hotuba?"

"Zikiletwa, napanga."

"Na uchaguzi uliopita?"

"Karatasi za kura nilizipanga mimi. Siku tatu, bila kulala."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyepanga nani awe wa kwanza."

"Kwa alfabeti."

"Nani alikuagiza?"

"Alfabeti."

Kalamu Mbili akaandika Alfabeti, akaanza na herufi kubwa, kama jina la mtu.

Kisha akavuta daftari jingine kutoka chini ya meza. Jembamba, jalada jeusi. Akaandika polepole, kalamu nyekundu. Baba akainamisha kichwa kidogo. Nawaambieni, mtu aliyepanga herufi miaka ishirini na sita, maandishi ya juu chini au ya kinyume kwake ni mamoja. Alikuwa anasoma.

"Samahani, kijana," alisema Baba.

"Nini?"

"Hapo umeandika 'mpangaji wa uchakuzi'. Iwe g."

"Wapi?"

"Hapo. Baada ya a. G."

"Aa. Asante, mzee." Akasahihisha. Ikasomeka vizuri kabisa: mpangaji wa uchaguzi.

Mimi nikanyanyua macho, kwa kutojua niyapeleke wapi, nikaona nyuma ya kichwa cha Kalamu Mbili, pembeni ya bata, tangazo limebandikwa. Kila aliyepanga njama za serikali iliyopita atakamatwa, na nyumba yake itakuwa mali ya umma.

"Hilo daftari ni la nini?" nikauliza.

"La wapangaji."

"Wa nyumba?"

"Hapana," alisema Kalamu Mbili. "Wale wengine."

Wakati huo huo akaingia mama mmoja wa ofisini na karatasi mpya na gundi, akaibandika juu ya tumbo la bata. Foleni yote ikasoma kwa sauti, kama chekechea wenyewe. Kuanzia leo mpangaji yeyote asibughudhiwe wala asitolewe katika nyumba anayoishi.

Kalamu Mbili akageuka akasoma. Akaliangalia faili letu, lile neno alilolikata mara mbili.

"Mngekuja mchana," akasema.

"Huwezi kulirudisha?"

"Nyekundu hairudishwi," akasema, kwa huzuni kidogo, na nadhani kwa sekunde moja alinikumbuka. "Nendeni nyumbani. Mtapata taarifa."

Tulitembea mpaka kwa kinyozi wa kona. Nikaanza kulia. Baba akanipa leso.

"Mstari wa nne," akasema.

"Nilidhani wanataka kazi, Baba."

"Mwandiko ulikuwa mzuri."

"Baba, ukimbie. Nenda kwa shangazi."

"Nikiondoka, nyumba haina mwenyewe. Watu wakienda kliniki tu nyumba inaondoka." Akatembea kidogo. "Nikikaa, nyumba ina mwenyewe lakini mwenyewe ana matatizo. Afadhali hiyo. Labda hata hawatakuja. Ofisi zenyewe unaziona."

"Tuwaambie nini nyumbani?"

"Kwamba nyumba ni yetu. Karatasi si hii hapa? Hilo jingine, mama yako na bibi yako wasijue. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Huo sasa ni wa pili, au sijui.

Tulipofika tukakuta nyumba inacheka.

Kweli. Inacheka. Redio ilikuwa imetangaza lile tangazo la wapangaji, na Mwalimu, mtu wa hesabu, alikuwa ameshapiga hesabu zake.

"Mzee," akamwambia Baba kwa adabu, "shikamoo. Mimi na mke wangu hatutaki nyumba yako. Tulitaka paa tu kabla mtoto hajafika. Sasa ona. Mkitupangisha chumba kimoja, nyumba ina mwenyewe, ambaye ni wewe, na ina wapangaji, ambao ni sisi. Mwenyewe yupo, hawaichukui. Wapangaji wapo, hawatutoi. Nyumba imefungwa pande zote mbili!"

"Nimempa chumba changu cha kushonea," alisema Mama. "Cherehani nitaiweka koridoni. Nimeshampima na mkewe, nitamshonea gauni la tumbo."

"Mpangaji wetu," alisema Bibi, akalitamka lile neno kama anaonja sukari. "Sasa nani atatugusa?"

Baba akatoa ile karatasi ya muhuri. Wakashangilia. Mama akamkumbatia Baba mbele ya wageni, jambo ambalo sijaliona tangu nimalize chuo. Baba akaniangalia juu ya bega la Mama. Nyusi zilikuwa bado juu.

"Njoo basi tuhamishe cherehani," Mama akamwambia, akamvuta mkono wakaingia ndani.

Tukaanza kuliingiza kabati. Mwalimu mbele, mimi nyuma, mkewe anaelekeza kutoka kwenye kochi, Bibi anaelekeza kinyume cha mkewe. Lilikwama mlangoni. Tukalitoa tukalilaza kwenye baraza ili tufungue milango yake.

Hapo ndipo pikapu ilipokuja.

Askari wawili nyuma, afande mmoja mbele. Afande akashuka na karatasi imekunjwa mara nne. Alikuwa mtu mzima, mpole wa uso, mwenye sauti ya mtu anayeulizia njia.

"Habari za hapa."

"Nzuri," tukasema.

"Namba arobaini na nne?"

"Ndiyo."

"Nani mpangaji hapa?"

Na kabla sijavuta pumzi, Mwalimu akanyoosha mkono. Akaunyoosha juu kabisa, kama wanafunzi wake.

"Mimi, Afande!"

"Wewe ndiye mpangaji?"

"Mimi ndiye."

"Ni yeye," alisema Bibi kutoka mlangoni, uso umemng'aa. "Mpangaji wetu huyo! Andika kabisa. Tunamthibitisha nyumba nzima."

Afande akaonekana kushangaa kidogo. Nadhani amezoea watu wanaoruka ukuta.

"Hukatai?"

"Nikatae nini, Afande? Ni haki yangu. Redio imesema."

"Sawa. Panda basi."

"Kwenda kuandikishwa?"

"Kuna kuandikwa pia," alisema Afande.

Mwalimu akapangusa mikono vumbi la kabati, akavaa koti lake. Mkewe akatoka ndani pekupeku, miguu imelowa tena maji ya bomba letu.

"Waambie ni chumba kimoja na korido," akamwambia. "Usisahau korido. Ukiisahau watasema hatuna njia."

"Sitasahau."

"Na uwahi."

"Nawahi. Afande, nitachelewa?"

Afande akaangalia karatasi yake badala ya kujibu.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye baraza, nimeshikilia mlango wa kabati la watu. Na nitawaambia nilichofikiri, kwa sababu nisipokisema hapa sitakisema popote. Nilifikiri hivi: nikinyamaza, Baba yupo. Nikinyamaza, nyumba ni yetu, ile ya Babu na mabomba yake yote, na hakuna atakayerudi kuitafuta, kwa sababu mpangaji wao wameshampata. Amekubali mwenyewe. Ameshuhudiwa na bibi kizee. Sikuhitaji hata kudanganya. Nilihitaji kukaa kimya tu, kitu ambacho watu wote huwa wananiomba nifanye.

Nikakaa kimya.

Mwalimu akaweka mguu kwenye pikapu. Askari mmoja akamshika mkono kumpandisha, halafu hakuuachia. Mwalimu akautazama ule mkono. Akautazama tena. Ni mtu wa hesabu. Nikamwona anaanza upya kutoka mwanzo.

"Afande," akasema, "hii ni ya wapangaji wa nyumba, si ndiyo?"

Mkewe akageuka kwangu. Hakumgeukia Bibi, wala Afande. Mimi.

"Dada," akasema, "wewe umetoka huko ofisini sasa hivi. Wanampeleka wapi?"

Nimejibu maswali mengi maishani mwangu ambayo sikuulizwa. Hilo niliulizwa.

"Afande," nikasema.

"Naam."

"Kuna mpangaji na mpangaji."

Bibi akasema, "We mtoto." Basi.

Afande akaikunjua ile karatasi, mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akaisoma kwa kidole. Akamwangalia Mwalimu na miwani yake, akaisoma tena. Kisha akanijia polepole mpaka kwenye baraza, akasimama upande wa pili wa kabati.

"Na huyo mwingine," akaniuliza kwa upole ule ule, "yuko wapi?"

Nyuma yangu koridoni nikasikia vyuma vinaburuzwa sakafuni. Baba alikuwa anakuja kinyumenyume, kaikumbatia cherehani, mgongo wa shati jeupe umetuelekea sisi na Afande na pikapu na mtaa mzima.

"Mwanangu," akaniita, anahema, "hebu niangalizie huko nyuma. Njia iko wazi?"